Ramani yenu ya mifupa ina walakini

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma ile makala yenu ya magonjwa ya mifupa, viungo na misuli kwa kanda za dunia, ile yenye ramani, nchi tajiri zimepakwa wekundu wa kutisha halafu Afrika imeachwa na rangi hafifu, na mwandishi akamalizia eti watu wanaotembea sana na kufanya kazi za nguvu wamesalimika. Mimi sio daktari, ni mtoto wa mama mwenye mgongo mbovu tu, ila hapo nikashindwa kunyamaza.

Naanza na huyo mama maana bila yeye nisingejua lolote. Kwanza gauni lake lilianza kuburuza chini. Gauni lile lile, viatu vile vile, sisi tukawa tunamcheka kwamba siku hizi anavaa magauni ya dada zake. Baadaye akawa anashika kiuno akiinuka kitini, tukampeleka zahanati moja, akaandikiwa dawa za maumivu na kuambiwa huo ni uzee mama, wote tutafika huko. Ikapita kama miaka miwili hivi, kikohozi kikamshika, wakampiga eksirei ya kifua wakitafuta mambo ya mapafu, na yule aliyesoma picha ndo akatuonyesha kwa ncha ya kalamu pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea upande wa mbele, kama kiberiti kilichokaliwa. Hajaanguka, hajagongwa na chochote. Mifupa ilishakuwa dhaifu ikabonyea yenyewe kimya kimya, na kama sio kile kikohozi tungekuwa tunacheka gauni mpaka leo.

Sasa niambieni, kwa ile miaka miwili mama alikuwa wapi kwenye ramani yenu? Hakuwepo. Na hayuko peke yake, maana wataalamu wenyewe wanasema pingili zinazovunjika kwa mtindo huu, karibu theluthi mbili hazigunduliki hospitali, na hiyo ni hata kwenye nchi zenye mashine kila kona. Je kule ambako mashine ya kupima kama mifupa imepungua uimara ni ya kusikia tu?

Angalieni hao wanaoongoza. Denmark, Sweden na Norway ndo kila siku wako juu kwa kuvunjika nyonga. Sikatai, kuna sababu za kweli pale, wazee ni wengi, jua la kuwapa vitamini D ni haba kwa miezi mingi, wengine wanataja hata urithi. Lakini pia hao watu wanaandika! Sweden wameanza daftari la taifa la magoti ya bandia mwaka 1975 na la nyonga za bandia mwaka 1979, yaani kila anayewekewa kiungo anaingia kwenye kitabu na anafuatiliwa. Mahali pengine bibi akivunjika nyonga analazwa ndani, anapakwa dawa, anaugulia kitandani na anakufa na kidonda cha mgongoni, na cheti kama kipo kitaandikwa kitu kingine kabisa.

Halafu kuna suala la umri, na hapa ndo mwandishi kateleza vibaya. Shirika la Afya Duniani linasema watu takriban bilioni 1.71 wana matatizo haya, nchi za kipato cha juu zikiwa na milioni 441, Pasifiki Magharibi 427, Kusini Mashariki mwa Asia 369. Ukisoma haraka unaona tajiri ndo mgonjwa. Lakini goti linalolika gegedu na mfupa unaopungua vinakuja na miaka, hasa kwa mama aliyekoma hedhi, kwa hiyo nchi yenye vijana wengi lazima ionekane nzima, sio kwamba ina dawa ya siri, ni kwamba zamu yake haijafika. Maumivu ya kiuno ndo mfano mzuri: ukisawazisha umri, yaani ukihesabu kama vile kila mahali watu wana umri unaolingana, kiwango kimeshuka kidogo tangu 1990, ila idadi ya wagonjwa imeongezeka, mwaka 2020 walikuwa milioni 619 na inakadiriwa watafika milioni 843 ifikapo 2050, na ongezeko kubwa linatarajiwa wapi? Asia na Afrika. Hizo hizo rangi hafifu.

Kingine ambacho nilichelewa kukijua ni mafungu. Kwenye yale makadirio makubwa ya mzigo wa magonjwa duniani, yaani Global Burden of Disease, fungu la mifupa na misuli lina kiuno, shingo, goti na viungo kulika, rumatoidi (kinga ya mwili ikishambulia viungo vyenyewe), jongo (gauti) na mengineyo. Mifupa iliyovunjika iko fungu la majeraha. Kifua kikuu kikila uti wa mgongo kinahesabiwa kwenye kifua kikuu. Kijana mwenye selimundu (sikoseli) ambaye kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu, anachechemea na miaka 25, yeye yuko kwenye magonjwa ya damu. Chikungunya, neno la Kimakonde kabisa la mtu kujikunja kwa maumivu, iliyotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, inaweza kuacha viungo vinauma miezi na miezi baada ya homa kuisha, nayo ni fungu la maambukizi. Ukiyatoa yote hayo pembeni halafu ukapaka rangi, ni lazima kanda fulani zitatoka safi.

Na hilo la kazi za nguvu jamani. Kutembea kunajenga mfupa, sawa. Ila kuinama na kunyanyua mizigo mizito siku nzima kunachosha kiuno, na kazi za namna hiyo zimo kabisa kwenye orodha ya visababishi vya maumivu ya kiuno. Mtu wa kazi hizo akiumwa haendi popote, anajifunga kitambaa kiunoni anaendelea, anasema ni baridi yabisi. (Lile jina nalo limetuponza, kila mtu anakimbilia sweta wakati baridi yenyewe haili kiungo.)

Kwa hiyo mkiirudia hiyo ramani naomba chini yake muweke vitu viwili, umri wa katikati wa watu wa kila kanda na mashine ngapi za kupima mifupa zipo kwa kila watu milioni. Na kama kuna nafasi kidogo, waandikieni wasomaji kwamba mtu mzima aliyepungua sentimita 4 au zaidi kutoka urefu wake wa ujanani apelekwe kupigwa picha ya mgongo. Mama yangu tulipompima alikuwa amepungua 6.

Msomaji wenu wa kila wiki