Barua kwa somo yangu: huduma inayokataa kuwaka

Tudor, Mombasa

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Wa baada ya salamu, nakuarifu kwamba sote huku hatujambo. Kusi limeanza kuvuma, joto limepungua, na mama anakuulizia kila akiniona na simu mkononi. Picha ya kioo cha kompyuta uliyonitumia kutoka Malindi nimeipata, ile inayoonyesha programu ya karo ya shule ikigoma kuwaka kama huduma kwenye seva yenu ya Linux. Ningeweza kukujibu kwa ujumbe wa sauti, lakini jambo hili linataka maandishi, uyaweke kando ya kibodi, usome ukitenda. Najua shule imefungua, wazazi wamepanga foleni kulipa karo, na mhasibu macho yote kwako. Usiwe na wasiwasi. Tatizo hili lina mwisho, na aghalabu mashine yenyewe imeshakutajia jina la kinachokosekana.

Tuanze na picha yako. Umepiga mistari ya chini kabisa ya systemctl status (amri ya kuonyesha hali ya huduma), ile inayosema huduma imeombwa kuwashwa mara nyingi kwa haraka mno. Hicho si chanzo. systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, isipoamriwa vingine, huduma ikiwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10 hukataa kuiwasha tena, na baina ya jaribio na jaribio husubiri sehemu moja ya kumi ya sekunde tu. Huduma iliyoandikiwa Restart=always (iwashwe upya kila ikifa) humaliza majaribio yake yote kabla hujainua kidole. Kilio cha kweli kiko juu ya hapo, na status hukuonyesha mistari 10 ya mwisho pekee. Andika amri hii ya kusoma logi, karo likiwa jina la huduma yenu:

journalctl -u karo -b --no-pager

kisha panda juu mpaka ulikute jaribio la kwanza. Na usiutegemee ukimya wa systemctl start. Kwa huduma za aina ya simple, ambazo ndizo nyingi, systemd huhesabu kwamba kazi imefanyika pale inapoizaa ile prosesi. Ikifa sekunde hiyo hiyo, amri ya start imekwisha kurudi bila neno. Ukishatengeneza kitu na unataka kujaribu upya, tanguliza systemctl reset-failed karo, la sivyo utakuta bado imefungiwa na utadhani dawa haikufanya kazi.

Sasa, kinachotokea hasa ni nini? Programu nyingi za Linux hazibebi kila kitu zenyewe. Kazi kubwa, kama kusimba mawasiliano au kuzungumza na hifadhidata, hufanywa na maktaba zilizowekwa pembeni, zile faili zenye .so katika majina yao, na programu nyingi huzitumia kwa pamoja. Programu ikiitwa, anayetangulia kuingia ni kipakizi, ambacho kwenye seva yako ni faili iitwayo ld-linux-x86-64.so.2. Kipakizi ni kama karani wa Kilindini mwenye orodha ya shehena: anaita jina baada ya jina, na jina moja lisipoitika, meli haing'oi nanga. Ndiyo maana ukifungua logi ya programu yenyewe unaikuta tupu. Mstari wake wa kwanza haujafika zamu.

Kipakizi kikishindwa, huduma hutoka na namba 127. Ukiona 203/EXEC, hapo ni systemd yenyewe iliyoshindwa kuitekeleza faili: njia imekosewa, au ruhusa ya kutekeleza haipo, au kipakizi kilichoandikwa ndani ya programu hakimo kwenye mashine. Hili la mwisho huwasumbua watu sana, kwa sababu ujumbe unasema faili haipo, nawe unaiona mbele yako kwa ls. Lakini wewe kwenye picha una 127, nimeisoma vizuri, kwa hiyo hilo tuliache.

Umeniandikia jambo moja ambalo kwangu lina thamani kuliko picha: ukiiwasha programu kwa mkono kwenye terminali inawaka, systemctl ikiiwasha inakufa. Somo, hapo ndipo kisa kilipo chote. Huduma haioni unachokiona wewe. Wewe umeingia kwa jina lako, ganda lako limesoma .bashrc, faili ya mipangilio yako, na humo fundi aliyewawekea programu aliandika LD_LIBRARY_PATH, kigezo kinachokiambia kipakizi folda ya kutafuta maktaba, ikielekeza kwenye folda ya maktaba nyumbani kwake, /home/fundi/lib. systemd haisomi .bashrc ya mtu yeyote. Huduma inaanza na mazingira karibu matupu, kwa mtumiaji mwingine, pengine na milango kadhaa imefungwa. Kwa hiyo hata ldd, amri inayoorodhesha maktaba za programu na zilipo, ukiipiga wewe itakwambia kila kitu kimepatikana, na itakuwa inasema kweli, kweli ya kwako. Nakuomba sana usipime kwa macho yako. Pima kwa macho ya huduma:

sudo systemd-run --pty -p User=karo ldd /opt/karo/bin/karo

Hapo ldd itaendeshwa na systemd, kwa mtumiaji wa huduma, bila .bashrc. Kama faili ya huduma ina ProtectHome=yes (inayoificha /home), ongeza -p ProtectHome=yes vilevile. Jina litakalokosa makao ndilo unalolitafuta. (ldd usiitumie kwa programu usiyoiamini, maana yaweza kuiendesha. Kwa kitu cha kuokota, readelf -d itakuonyesha orodha ya maktaba zinazohitajika bila kugusa chochote.)

Dawa ya haraka itakayokujia ni kuibandika ile LD_LIBRARY_PATH ndani ya faili ya huduma. Wazo ni jema, ila kwanza iondoe maktaba nyumbani kwa fundi. Tangu toleo la 21.04 la Ubuntu, aina ya Linux mliyo nayo, folda mpya za nyumbani hazifunguki kwa wageni, na hiyo yenu ni 22.04, kwa hiyo mtumiaji karo akipiga hodi atajibiwa kwamba hana ruhusa. Na hata ukiilegeza ruhusa, siku fundi akaunti yake ikifutwa, karo za shule nzima zinaondoka naye. Hamisha maktaba ziende /opt/karo/lib, zimilikiwe na ruti (mtumiaji mkuu wa mashine), zisomeke na wote. Kisha sudo systemctl edit karo, na uandike:

[Service]
Environment=LD_LIBRARY_PATH=/opt/karo/lib

Njia hii ya edit inaandika kipande cha pembeni, faili ya asili haiguswi, na daemon-reload inafanywa yenyewe.

Wako watakaokwambia uiandike folda hiyo ndani ya /etc/ld.so.conf.d/ na upige ldconfig. Inafanya kazi, na kwa maktaba inayotumiwa na programu kadhaa ndiyo njia ninayoipenda. Lakini kumbuka kwamba ukifanya hivyo unaifungulia mashine nzima folda hiyo. Fundi akiwa ameweka humo nakala yake ya libstdc++ au libssl, programu nyingine zisizohusika zaweza kuishika hiyo, na utaanza kuuguza magonjwa uliyoyaleta mwenyewe. Mambo ya karo yabaki kwa karo.

Kuna mtego mmoja tena ambao nahisi utaukuta. Uliniambia walimu wanaandika anwani kwenye kivinjari bila namba ya poti, maana yake programu inasikiliza poti 80, ambayo kwa kawaida ni ruti tu anayeruhusiwa kuifungua, na mtumiaji karo si ruti. Pengine fundi aliipa programu uwezo huo kwa setcap, amri ya kuipa faili nguvu mahususi. Kama ndivyo, kipakizi kitaipuuza LD_LIBRARY_PATH kabisa, kwa makusudi na kwa usalama: programu iliyopewa nguvu za ziada hairuhusiwi kuchukua maktaba kutoka njia ambayo mtu yeyote angeweza kuielekeza. Utaandika Environment sawasawa, herufi kwa herufi, na bado itakufa kwa 127. Hakikisha kwa getcap /opt/karo/bin/karo. Ukiona cap_net_bind_service, iondoe kwa setcap -r, kisha kwenye kipande kile kile ongeza:

AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE

Uwezo unaopewa na systemd kwa njia hii haukiingizi kipakizi katika hali ile ya tahadhari, kwa hiyo njia ya maktaba itasikilizwa.

Ikiwa baada ya haya yote bado hujui kipakizi kinatafuta wapi, kiulize chenyewe. Ongeza Environment=LD_DEBUG=libs, washa, na usome journalctl. Itakumwagia kila folda iliyoguswa na kila faili iliyojaribiwa, kwa mpangilio. Ni maandishi mengi na yanachosha macho, lakini sijaona chombo kinachosema wazi zaidi. Ukimaliza uiondoe, usije ukaijaza diski ya shule.

Nikusimulie na kisa cha hapa mjini, kwa sababu nataka ukijue kabla hakijakufika. Ofisi moja ya uwakala wa forodha ilikuwa na huduma iliyokaa miezi bila kuzimwa. Usiku mmoja stima ikapotea, betri ya akiba ikaisha kabla jenereta haijawashwa, na seva iliporudi huduma ikagoma: libpq.so.5, maktaba ya kuzungumza na hifadhidata ya PostgreSQL, haionekani. Kila mtu akailaumu stima. Nilipoitwa nilikwenda moja kwa moja /var/log/apt/history.log, na humo ikawa imeandikwa wazi: wiki kadhaa nyuma mtu aliondoa kifurushi cha postgresql-client, halafu autoremove, amri ya apt (msimamizi wa vifurushi) ya kufagia visivyohitajika, ikapita na libpq5. Programu yao ilikuwa /opt, haikuwekwa kwa apt, kwa hiyo apt haikuwa na habari kwamba kuna anayeitegemea maktaba hiyo. Na huduma iliendelea kufanya kazi, kwani faili ikifutwa wakati prosesi imeishika, kerneli huiacha hai mpaka prosesi ile ife. Stima ilikuja tu kulifunua jambo lililokwisha kutendeka. Dawa ilikuwa amri moja, apt install libpq5, na kwa kuwa imeombwa kwa jina lake, apt huiandika kuwa ya kuhifadhiwa na autoremove haitaigusa tena.

Tangu hapo, kila seva ninayoitunza, baada ya kusasisha au kusafisha vifurushi nazichungulia prosesi zinazoshikilia maktaba zilizofutwa, kwa lsof (amri inayoorodhesha faili zilizofunguliwa) au kwa kuangalia /proc, na huduma hizo naziwasha upya mchana, watu wakiwa ofisini na kahawa ipo. Afadhali ianguke saa nne asubuhi mbele yangu kuliko saa nane ya usiku. Fanya hivyo na Malindi, nakusihi. Shule haina mtu wa zamu ya usiku.

Mwisho, kuna ushauri unaozunguka kwenye makundi ya mafundi ambao naukataa kwa moyo wangu wote, nao ni ule wa kutengeneza kiungo. Programu inadai libssl.so.1.1, maktaba ya OpenSSL ya kusimba mawasiliano, mashine ina libssl.so.3, basi eti unganisha jina la kwanza na faili ya pili. Namba ile haikuwekwa kwa pambo. Inatangaza kwamba ndani mambo yamebadilika kiasi cha kutopatana. Ukiunganisha, kipakizi kitaifungua faili, kitatafuta alama ya OPENSSL_1_1_0, hakitaiona, na utakuwa umebadilisha kosa lililo wazi kwa kosa la kutatanisha. Ubuntu 22.04 ilitoka Aprili 2022 ikiwa na OpenSSL 3 tu, na toleo la 1.1.1 liliacha kuhudumiwa na wenyewe tarehe 11 Septemba 2023. Kuiokota nakala yake kwenye mashine kuukuu na kuileta kwenye seva inayopokea pesa za wazazi ni kuacha mlango bila komeo. Mdai fundi aijenge programu upya kwa maktaba za sasa. Akikwambia haiwezekani, iwekeni ndani ya kontena yenye mfumo wake wa zamani, isiyofikika kutoka nje, mpaka mpate nyingine.

Na libc.so.6, maktaba mama (glibc) inayotegemewa na karibu kila programu, usiiguse hata kwa ncha ya kidole. Ukisoma kwamba GLIBC_2.38 haikupatikana, ujue programu imejengwa kwenye mfumo mpya kuliko wenu, kwani 22.04 ina 2.35. Ijengwe upya kwenye 22.04, au mfumo upandishwe. Mtu akiibadilisha libc kwa nakala ya kupakua, hata ls haitaitika, wala sudo, wala ssh ya kukuingiza urekebishe. Utahitaji gari la kwenda Malindi na diski ya uokoaji, na hapo mimi ndiye nitakayekuja, lakini tusifike huko.

Leo jioni nitumie vitu viwili: mistari yote ya journalctl kuanzia jaribio la kwanza, kwa maandishi si kwa picha, na jibu la getcap. Nitakuwa nyumbani baada ya isha. Mpe mhasibu pole zangu, umwambie aandike risiti kwa mkono kwa leo na aziweke kwa mpangilio wa namba, zitaingizwa zote.

Mama anakusalimu na kukuuliza utashuka lini. Nisalimie wote hapo.

Wasalaam,
Mimi somo yako