Keria ya baiskeli inayocheza haiponi kwa kuchomelewa

Mhariri,

Gari likipita kwenye rasta na keria ya kubebea baiskeli ikaanza kugonga huko nyuma, ushauri wa haraka katika karakana nyingi ni mmoja: ipigwe weldi kwenye soketi, haitatoka tena. Kweli haitatoka. Haitatoka hata siku mwenye gari anapotaka kuvuta tela. Na mara nyingi kelele hubaki palepale, kwa sababu kilichokuwa kinagonga ni kiungo kingine kabisa.

Nazungumzia keria inayochomekwa kwenye soketi ya mraba chini ya bampa na kufungwa kwa pini ya kukatiza. Mkono wa keria, yaani bomba lake linaloingia humo, lazima uwe mwembamba kidogo kuliko soketi, la sivyo hautaingia. Kinachogonga ni hiyo nafasi iliyobaki. Pini ya kawaida haiizibi hata ikiwa nene namna gani, maana kazi yake ni kuzuia mkono usichomoke, na matundu yake yenyewe ni mapana kuliko pini.

Kwanza ijulikane panapocheza. Shusha baiskeli zote. Mtu mmoja aweke ncha ya kidole juu ya mdomo wa soketi, nusu ya kidole kwenye soketi na nusu kwenye mkono. Mwenzake ashike sehemu ya juu ya keria aitikise kushoto na kulia, kisha juu na chini. Kidole kikisikia vyuma viwili vinapishana, ugonjwa uko hapo. Kidole kikitulia huku juu kunayumba, acha soketi, nenda kwenye bolti ya mkunjo, ile ya pale keria inapokunjiwa.

Kwenye soketi, pima kabla ya kukata chochote. Keria nyingi za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina mkono wa inchi 2, yaani milimita 50.8. Mabomba ya mraba ya madukani kwetu mara nyingi huuzwa kwa milimita, kwa hiyo mkono uliotengenezwa hapa huwa 50 kamili. Soketi ya bomba la 60 kwa 60 lenye ukuta wa milimita 4 hubaki na 52 ndani. Fundi akichukua ukuta wa milimita 3 ili kupunguza gharama, ndani panakuwa 54, na mkono wa 50 utaelea humo. Sasa piga hesabu: mkono ukiwa umeingia sentimita 18 na baiskeli ya mwisho iko sentimita 90 nje ya mdomo, kila milimita 1 ya nafasi huwa milimita 5 kwenye baiskeli hiyo. Milimita 4 zinageuka sentimita 2 nzima. Hapo hakuna pini itakayokusaidia; badilisha bomba.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalioni kwa sababu limejificha ndani. Bomba la mraba lina mshono wa weldi wa kiwandani, na upande wa ndani mshono huo huinuka kama uzi. Mkono ukiulalia, unabembea juu yake kama meza yenye mguu mmoja mfupi, hata kama vipimo vingine vyote ni sahihi. Mulika kwa tochi, ukiuona usugue kwa tupa ndefu hadi ukuta uwe laini. Toa na kutu kwa brashi ya waya. Usipake rangi nzito humo: itakwanguliwa safari ya kwanza na nafasi itarudi. Grisi nyembamba inatosha kuzuia mkono usigande.

Nafasi ya milimita 1 hadi 2 huzibwa kwa vipande vya bati, ila si popote. Mzigo ukining'inia nyuma, mkono hukandamiza sehemu mbili tu: chini kwenye mdomo wa soketi, na juu kwenye ncha ya ndani. Hapo ndipo bati linapotakiwa. Kata chuma cha milimita 1, upana wa 40. Kipande cha mdomoni kikunje ncha itoke nje, kisije kikaburutwa ndani. Cha ndani kishikize juu ya mkono kwa tone moja la weldi kila upande, ulisawazishe kwa tupa. Bati la paa la geji 30, ambalo unene wake ni karibu milimita 0.3, lisikunjwe mara tatu likaitwa milimita 1. Litapondeka wiki hiyohiyo. Mpira wa tyubu ndio mbaya zaidi. Unanyamazisha kelele, lakini unageuka springi, na baiskeli zinaruka kuliko mwanzo.

Kwa mchezo wa kushoto na kulia, ondoa pini uweke bolti. Chomelea nati ya M16, yaani ya bolti ya milimita 16, ndani ya mkono, kwenye ukuta wa upande unaoingilia bolti, ikiwa sawasawa na tundu. Bolti ikipita kwenye ukuta wa soketi na kuingia kwenye nati hiyo, ukiikaza inauvuta mkono ubanwe na ukuta. Weka springi washa chini ya kichwa, na upande wa pili tia kipini cha usalama, kwani bolti inayotegemea kukazwa peke yake italegea kwenye changarawe. Asiyetaka kuchomelea chochote atumie bolti ya U ya M10 na bamba la milimita 6: U ipite chini ya mkono, bamba likae nusu juu ya mdomo wa soketi na nusu juu ya mkono. Nati zikikazwa, mkono unainuliwa hadi ugote dari ya soketi.

Bolti ya mkunjo nayo ina hila yake. Ukifungua ukakuta nyuzi zake ndizo zinazokaa ndani ya tundu, umempata mwizi. Nyuzi hula chuma, tundu linakuwa la mviringo mrefu. Tundu la M12 lililolika lichimbwe kwa 14, iingie M14 ya daraja la uimara 8.8 yenye shina laini refu, na nati yenye ringi ya plastiki.

Kwa keria zinazokaa juu ya mpira wa kuvutia tela, yaani lile tufe la chuma, mambo ni kinyume: pale grisi ni adui. Futa mpira kwa petroli hadi ukauke, la sivyo keria itazunguka kwenye kona.

Baada ya kilomita 40 au 50 za kwanza, simama ukaze tena kila kitu. Na uzito uhesabiwe kabla ya safari: baiskeli nne za kilo 15 ni kilo 60, keria yenyewe huweza kufika 25. Kama kibao cha keria kinasema isipite njia mbovu, soketi iliyobanwa vizuri haiondoi katazo hilo.

Fundi wa kuchomelea,
Arusha