Barua kwa wazazi mnaomtafutia binti jina adimu

Assalaamu alaykum wanangu,

Mnakuja kwangu, wengine mimba bado changa, na ombi ni lile lile: "Bibi, tupe jina la kike la Kiarabu ambalo mtaani hakuna mwingine." Sina ugomvi na hamu hiyo. Chuoni kwangu, ninakofundisha watoto Qur'ani, nikiita Aisha wanaitika watano, na kila mtoto anapenda kujulikana kuwa ni yeye. Linalonisumbua ni namna mnavyolitafuta. Kwanza mnaangalia kama linapendeza masikioni, kisha kama shoga yako hajaliwahi, na maana mnaiuliza mwisho, wakati moyo umeshalishika na hamko tayari kuliachia.

Wengine hufungua Msahafu na kuokota neno lililowavutia. Neno kuwamo ndani ya Qur'ani hakulifanyi kuwa jina jema. Firauni yumo, Iblisi yumo, na zania, yaani mwanamke mzinifu, katajwa mwanzoni mwa Sura An-Nur. Mwanamke aliyetajwa humo kwa jina lake ni mmoja tu, Maryam. Majina mengine mema ya kike tumeyapata kwa wanawake walioyabeba, na kwao ndiko ninakotaka muanzie.

Mimi nawapendekezea Juwairiya.

Ni mmoja wa wake wa Mtume (s.a.w.), mama wa waumini. Hafsa, Safiya, Maimuna na Sauda wamejaa pwani yetu, lakini Juwairiya humpati kirahisi. Alikuwa binti wa Al-Harith bin Abi Dirar, mkuu wa kabila la Banu Mustaliq. Kabila hilo liliposhindwa vitani Muraisi, mwaka wa 5 wa Hijra (wapo wasemao wa 6), alitekwa pamoja na watu wake, akaangukia fungu la sahaba Thabit bin Qais. Hakukaa kusubiri kuamuliwa. Aliandikiana na Thabit mkataba wa kujikomboa, kisha akaenda mwenyewe kwa Mtume kuomba msaada wa kuulipa. Mtume akamlipia, akamuoa. Habari ilipoenea, masahaba wakasema hawa sasa ni wakwe wa Mtume, wakawaachia mateka waliokuwa mikononi mwao, na watu wa nyumba 100 wakawa huru. Aliyeyasimulia hayo ni Bi Aisha, mke mwenzake, na ndiye aliyesema hamjui mwanamke aliyekuwa na baraka kubwa kwa watu wake kuliko Juwairiya. Sifa ikitoka kwa mke mwenza, wanangu, ichukueni kwa mikono miwili.

Hilo si jina alilozaliwa nalo. Aliitwa Barra, lenye maana ya mwema, na Mtume akalibadilisha kwa kuwa hakupenda isemwe "ametoka kwa Barra", kana kwamba mtu ameupa wema mgongo. Zainab binti Jahsh naye alikuwa Barra kabla ya kuitwa Zainab. Wanawake wawili waliotoka kwenye jina moja, wote wakapewa jipya na Mtume mwenyewe. La mmoja limeingia kila nyumba, na la mwenzake limebaki adimu. Mimi sioni sababu ila ulimi wetu: Zainab hutoka kwa pumzi moja, Juwairiya linataka subira. Basi mna jina adimu ambalo halikubuniwa jana.

Maana yake ni kibinti, msichana mdogo, kutokana na jaria. Zamani jaria lilitumika pia kwa kijakazi, na hamtakosa mtu wa kuwatisha nalo. Asiwababaishe, Mtume alilichagua kwa ajili ya mkewe. Mwingine atawaambia maana yake ni waridi. Hilo ni Juri, wameyachanganya.

Kuna jambo moja lake ninalolipenda kuliko yote, na ningependa binti yenu alijue kabla hajajua kusoma. Asubuhi moja Mtume alitoka kwenda kuswali Alfajiri akamwacha Juwairiya ameketi mahali pake pa kuswalia. Akarudi jua limeshapanda, akamkuta pale pale, bado anamtaja Mola wake. Akamuuliza, bado uko katika hali niliyokuacha nayo? Akasema ndiyo. Ndipo akamfundisha maneno machache ya kusema mara tatu, ambayo yakipimwa na yote aliyoyasema tangu asubuhi yatayazidi uzito: Subhanallahi wa bihamdihi, adada khalqihi, wa ridhaa nafsihi, wa zinata arshihi, wa midada kalimatihi. Yaani, ametakasika Mwenyezi Mungu na sifa njema ni zake, kwa idadi ya viumbe vyake, kwa radhi ya nafsi yake, kwa uzito wa arshi yake na kwa wino wa maneno yake. Wengi wenu mnayasoma kila asubuhi. Yametufikia kupitia kwake.

Sasa la kuandika, maana hapa ndipo mnaponiudhi. Herufi zetu hazibebi sauti zote za Kiarabu. Binti wa Sayyidna Umar aliitwa Asiya kwa herufi ya ain, maana yake muasi, na Mtume akamwita Jamila. Mke wa Firauni ni Asiya pia, lakini jina lake halina ain na ni jina tukufu. Kwa maandishi yetu huwezi kuwatenganisha. Kwa hiyo jina lolote mnalolichagua, liandikisheni kwanza kwa Kiarabu na mwalimu anayeijua lugha, mjue ni lipi hasa mnalompa mtoto.

Na mkilichukua Juwairiya, kubalianeni baba na mama tahajia moja kabla ya akika. Nilimfundisha binti ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema Juweria, cha shule Juwairia, na kitambulisho Jaweria. Alipotaka kuomba chuo kikuu alizunguka na hati za kiapo mahakamani, nauli juu ya nauli, kuthibitisha kuwa watu watatu hao ni yeye mmoja. Andikeni jina kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, anayekwenda kuandikisha mtoto aende nayo mkononi, na cheti kikitoka kisomeni pale pale dirishani kabla hamjaondoka.

Nyumbani mwiteni lote. Wakwe na majirani watalikata wapendavyo, lakini asilisikie limekatwa kwa mama yake.

Wassalaam,
Bibi yenu, mwalimu wa chuo, Tanga