Barua kwa mwanangu: mwizi usimtaje

Mwanangu Ipyana,

Marahaba baba, salamu zako nimezipata. Huku Mwanjelwa tunaendelea, baridi la Julai ndo limekaza, asubuhi nikifungua fremu vidole vimekufa ganzi mpaka niviote kwanza kwenye jiko la mkaa ndo nishike mkasi. Bibi yako Tukuyu mzima, anauliza kama unakula vizuri huko Iringa.

Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi sana, ulivyosimulia ulivyosimama bwenini ukambashiria kijana neno alilolichagua mwenyewe kwenye kitabu cha biolojia, wenzio wakapiga kelele mpaka mlezi wa bweni akaja mbio. Niliona fahari kweli maana mimi ndo nilikuwa nakuona hapa likizo nzima umesimama mbele ya kioo cha wateja, kijitabu kimefunguliwa juu ya meza ya kupigia pasi, shilingi mia mbili inadondoka unaokota, inadondoka unaokota. Ila mwisho wa voisi ukasema kuna mwenzio alikufuata usiku, kaibiwa 40,000 yake, anataka umwambie nani kachukua kwa sababu wewe unaona vya watu, na wewe ukamjibu utaangalia. Hapo nikaacha hata suruali ya mteja niliyokuwa napinda.

Utaangalia nini baba?

Ujue kwanza sijakugeuka. Baba yako mkubwa alipoziona zile karata zako za kiini macho akasema vyote vichomwe, nilikataa na bado nakataa. Ulipoondoka uliacha chini ya godoro yale makaratasi uliyoprinti steshenari, vile vijitabu 13 vya Tony Corinda wa Uingereza, vya michezo ya kujifanya unasoma mawazo ya watu, vilivyounganishwa vikawa kitabu kimoja, nikaanza kuvisoma jioni jioni nikishafunga, kamusi mkononi. Nimechukua mwezi mzima. Kuna kijitabu kizima cha kufundisha kumbukumbu, namna ya kupanga vitu kichwani visipotee, kuna cha kubashiri, kuna cha kusoma misuli ya mtu ukiwa umemshika mkono, kuna cha watu wawili wanaopeana habari bila watu kushtuka, na cha 13, cha mwisho kabisa, ni namna ya kuongea na kusimama mbele za watu. Humo kote nimekuta kazi tu, kazi ya mikono na kichwa kama ya fundi yeyote. Mwanafunzi wangu wa cherehani anachukua miezi kabla hajaweka zipu isiyovimba, na huyo mwandishi wako naye anakwambia rudia, rudia, usitoke mbele za watu hujakamilika.

Na napenda kwamba umeanzia kwenye kitabu. Video unaiga mikono ya mtu, ila kitabu kinakwambia kidole gumba kikae hapa, sarafu ishuke hapa, halafu kinakuacha peke yako na sarafu yako, inabidi mkono wako wenyewe utafute njia. Mimi nilijifunza kukata gauni kwa namna hiyo, kwenye kitabu kimoja kilichochanika nilichopewa na dada mmoja wa Soko Matola, na mpaka leo kola zangu nazijua kwa kukata siyo kwa kuiga. Yule Robert-Houdin, mfanya kiini macho wa Ufaransa uliyenisimulia, aliyezaliwa 1805, mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa kijana anajifunza ufundi wa saa, akaenda kununua vitabu vya saa, muuzaji akamfungia kimakosa vitabu vingine vyenye michezo ya kiini macho, akafika nyumbani akafungua, hakulala. Nikiwaza wewe ulivyovikuta vile vyako vya kwanza kwenye rundo la vitabu vya mitumba pale Kabwe, naona ni habari ileile.

Baba yako mkubwa nilimwambia na hili la Reginald Scot, ambalo wewe hukunisimulia, nimelikuta kwenye simu. Mwingereza, mwaka 1584, alitoa kitabu kikubwa cha kupinga mambo ya kushutumu watu uchawi, maana wakati ule huko kwao watu walikuwa wanahukumiwa na kuuawa kwa ushahidi wa hovyo, na wengi wao bibi vizee maskini. Sasa ndani ya kitabu hicho akaweka kurasa za kueleza mazingaombwe yanavyofanyika, mipira, sarafu, karata, jinsi mtu anavyojichoma kisu bila kuumia, ili watu waone kwamba ukishangaa kitu usikimbilie kusema huyu ana majini. Kimeshapita zaidi ya miaka 400. Kwa hiyo moja ya vitabu vya kwanza vya Kiingereza kueleza hii michezo kilikuwa kinatetea watu wasiuawe. Baba mkubwa alinyamaza, hakukubali ila alinyamaza.

Haya. Nami nikajaribu. Ule wa 1089, unaukumbuka? Jumanne alikuja mteja, mwalimu wa hesabu tena, kufuata koti lake, nikaandika namba kwenye karatasi nikaikunja nikaibana chini ya cherehani. Nikamwambia andika namba yoyote ya tarakimu tatu, ya kwanza iwe imezidi ya mwisho kwa mbili au zaidi. Akaandika 742. Igeuze, 247, toa, ikabaki 495. Hiyo nayo igeuze, 594, sasa jumlisha. Akapata 1089, akafungua karatasi akakuta 1089, akanitazama, akasema Mama Ipyana wewe una nini. Na mimi nikausikia ule utamu baba, nakuambia ukweli, moyo ulipanda. Mtu mzima, mwalimu, ananitazama kama nimemfunua. Nikajua basi hicho ndicho kilichokupata wewe bwenini, na nikajua kwa nini ulishindwa kumwambia yule mwenzio kwamba hujui.

Mwalimu nilimwambia palepale ni hesabu, kila namba ya namna hiyo itakuja hapohapo, akakaa kwenye benchi akaanza kutafuta sababu yake na kalamu yangu ya kupimia, hakuondoka mpaka kaipata. Wewe siri zako huna haja ya kuzimwaga, najua kwenu ni miiko. Mtu akikuuliza umefanyaje mwambie nimefanya mazoezi miezi mitatu, inatosha na ni kweli.

Sasa njoo kwenye hili la 40,000.

Umesoma habari ya yule farasi wa Ujerumani, Hans? Mwenye farasi alikuwa mwalimu, Wilhelm von Osten, akamfundisha farasi hesabu, ukimuuliza tatu na nne anagonga kwato mara saba, watu wakubwa wakaja wakakagua hawakuona ujanja, na kweli mwenyewe hakuwa anadanganya. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akatoa majibu yake baada ya kumchunguza. Farasi alikuwa anamtazama anayeuliza, kwato ikifika kwenye jibu yule mtu anajitikisa kidogo sana, kichwa, mabega, pumzi, bila kujua, farasi anaacha. Ila kitu kilichonishika ni hiki, muulizaji akiwa hajui jibu mwenyewe, farasi naye hajui. Anagonga tu.

Na hivyo ndivyo ulivyo wewe na huko kusoma misuli kwako. Huyo kijana ukimshika mkono ukamtajia majina ya bweni zima mmoja mmoja, mkono utashtuka kwenye jina moja, na hilo jina ni la yule anayemshuku, basi, hutapata zaidi ya hapo. Mwizi humo hayumo, yumo mtu ambaye huyo mwenzio hampendi, au waliyegombana naye juu ya ndoo, au maskini kuliko wote bwenini. Utalitaja, na kwa kuwa alishalifikiria yeye mwenyewe atasema umeona kweli.

Hii siisomi kwenye kitabu. Mwaka 1991 nilikuwa na miaka 13, mdogo wetu wa mwisho alifariki kwa homa, siku tatu tu. Bibi yako alivunjika kabisa, ndugu wakasema aitwe mtaalamu, akaja, jina lake halina haja. Alikuja jioni, mvua ya Tukuyu unaijua, ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, udongo wa uani tope tupu. Mimi ndo nilishika koroboi. Alimkalisha bibi kwenye kigoda, akamshika mikono yote miwili, akaanza kutaja watu wa kijijini taratibu, huku anamtazama usoni, mpaka akafika kwa mama mmoja jirani, mjane, ambaye wiki moja kabla walikuwa wamenuniana juu ya mpaka wa migomba. Akasimama hapo. Halafu akasema huyu ameweka kitu hapa, akachimba kwa mkono kwenye kona ya jiko, akazamisha mkono wote topeni, akatoa pembe ndogo imezungushiwa kamba nyeusi. Watu wakapiga yowe.

Nilikuwa nimeshika taa karibu kuliko wote. Mkono wake ulikuwa tope mpaka kwenye kiwiko. Kamba ilikuwa kavu.

Niliiona hiyo kamba baba, kavu kabisa, nyuzi zimesimama, na sikusema. Mtoto wa kike wa miaka 13 utasema nini mbele ya wazee. Ng'ombe wetu wa maziwa akaondoka na yule bwana kesho yake asubuhi, na yule mama jirani, ambaye alikuwa anatuletea mtindi mdogo wetu alipoanza kuumwa, hakuna aliyemsalimia tena. Watoto walikuwa wanamkimbia kisimani. Nyumba yake ikatupiwa mawe usiku, kabla ya mwaka kuisha akahama na wanawe wawili, wanasema aliteremkia Usangu kwenye mashamba ya mpunga. Sijawahi kumwona tena.

Mpaka nilipofika kwenye vijitabu vyako, kile cha kusoma misuli, ndo nikaelewa kwa nini alimshika bibi mikono yote miwili. Nililia hapa dukani, mwanafunzi wangu akadhani nimechomwa sindano. Miaka yote nilijua juu ya pembe, sikujua juu ya majina. Nilidhani labda alimtaja yule mama kwa kusikia umbea wa kijiji. Kumbe jina alilitoa kwa mama yangu mwenyewe, mikononi mwake, na bibi yako mpaka leo hajui kwamba ni yeye aliyelitaja.

Kwa hiyo leo hii, ukimaliza kusoma, usingoje usiku, mtafute huyo mwenzio mkiwa wawili tu umwambie maneno haya: mimi sioni, ule wa neno ni mchezo nimejifunza kitabuni, nani kachukua hela yako sijui na siwezi kujua. Atakasirika, pengine ataona unaficha. Mwambie tena. Halafu nenda naye kwa mlezi wa bweni akaripoti, usimwache aende peke yake. Na bwenini siku nyingine ukisimama kufanya mchezo anza kabisa kwa kusema mimi nafanya kiini macho. Usiogope kwamba utamu utapungua. Mimi na mwalimu wangu wa hesabu utamu haukupungua, na wao wakijua ni mazoezi watakushangaa wewe na vidole vyako.

Na mtu akikuomba umtabirie maisha yake, mweleze habari ya yule mwalimu wa Marekani, Forer, mwaka 1948 aliwapa wanafunzi wake 39 karatasi, kila mmoja akaambiwa hizi ni tabia zako wewe binafsi, wakatakiwa kupima kwa alama mpaka 5 zimewapata kiasi gani, wastani ukaja 4.26, na wote walikuwa wamepewa karatasi ileile, maneno mengi ameyatoa kwenye kitabu cha nyota. Muoneshe na wewe hivyo, mfanye hata darasani, huo nao ni mchezo mzuri na kila mtu anatoka ameelewa kitu.

Nimekufungia kifurushi, nimempa konda wa basi la kesho asubuhi, ukakichukue Ipogolo, namba ya konda nitakutumia kwa meseji. Kuna ndizi mzuzu, karanga, soksi nzito mbili, na vifungo sita vya koti, vile vikubwa vya chuma, maana naona sarafu inakuteleza ukiificha kiganjani kwa sababu viganja vyako vinatoa jasho. Kifungo kina ukingo, kitashika. Anza nacho, ukizoea ndo urudi kwenye sarafu. Makaratasi ya Corinda nimebaki nayo kwanza, sijamaliza kurudia kile cha 8.

Mwezi wa 12 ukija hatutakaa Mbeya, tutapanda wote Tukuyu. Bibi sasa ni mzee, sitaki kumwambia kwa maneno. Nataka ukae naye uani, uchimbe kwenye tope kwa mkono wako, utoe kitu, halafu umfungulie kiganja umuoneshe kilikaa wapi tangu mwanzo. Mimi nitashika taa. Hilo la mikono yake miwili sijui kama nitaweza kumwambia, tutaona tukifika. Nimeshaulizia kwa watu wa Mbarali, hukohuko Usangu, wanaokuja kuuza mchele hapa sokoni kama wanamjua mama mmoja wa Kinyakyusa aliyehamia kule miaka ile na watoto wawili. Mmoja kasema ataulizia Rujewa.

Niandikie ukishaongea na mwenzio.

Mama yako