Mjamzito asidaiwe barua ya mwenyekiti ndipo apimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowaumiza mabinti wetu huku Njombe: mjamzito asiye na mume anafika kliniki, anarudishwa akalete barua ya mwenyekiti.

Mwezi Machi mwaka huu nilimsindikiza binti yangu wa mwisho kwenye hudhurio lake la kwanza. Ni fundi cherehani, ana miaka 26, na mimba ilikuwa imepita miezi mitatu. Mvua ilinyesha usiku kucha. Saa moja asubuhi tulikuwa kwenye benchi, matope hadi magotini. Waliokuja na waume zao waliitwa kwanza. Zamu yake ilipofika, nesi hakumuuliza hali. Aliuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Binti akajibu kwa sauti ya chini kwamba waliachana. "Basi nenda kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua, ndipo uje." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kusema hivyo kwa wengine wengi.

Mwenyekiti tulimpata saa kumi jioni, kilabuni. Nilimfundisha darasa la nne, na aliponiona akainuka: "Shikamoo, Mwalimu." Kisha, mbele ya wanaume waliokuwa wakinywa ulanzi, akamuuliza binti yangu mimba ni ya nani, huyo jamaa kaenda wapi, na kama ana hakika ni yeye. Binti alikuwa akiangalia viatu vyake. Tukalipa shilingi 2,000 ya muhuri. Barua niliisoma: mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wangu na hana mume. Wino wa zambarau ulikuwa umesambaa hadi juu ya jina lake.

Kesho yake nesi aliitupia jicho, akaitia kwenye boksi la makaratasi, na hapo ndipo akapimwa uzito, presha, wingi wa damu, kaswende na VVU. Vipimo vyote hivyo vilikuwepo pale pale tangu jana yake.

Sababu ya utaratibu huu naifahamu: wanataka wenza waje wapime VVU pamoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, na Njombe ndiyo iliyoongoza Tanzania Bara. Mimi nimewazika walimu wenzangu na wanafunzi wangu miaka ile ambayo dawa hazikuwepo. Wenza wakipima pamoja, na mama mwenye virusi akianza dawa mapema, mtoto anaweza kuzaliwa salama, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Wala siipigi vita kliniki. Watoto wangu watano walipimwa kwenye mzani wa kuning'inia, na kadi zao ninazo hadi leo, mstari umepanda kwenye kijani, isipokuwa wa tatu alipougua surua. Naipenda kliniki, ndiyo maana naandika.

Lakini Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inasema mtu asilazimishwe kupima. Mwanamume asiyetaka kuja amebaki na uhuru wake, hakuna anayemfuata. Mzigo wa kutokuja kwake anabebeshwa mwanamke, tena mwenye mimba.

Mwanafalsafa wa Kifaransa Michel Foucault, katika mihadhara yake mjini Paris mwaka 1976, alieleza kwamba mtawala wa zamani alijulikana kwa uwezo wa kuua, ila mamlaka za sasa zinatutawala kwa kushughulikia uhai wetu: uzazi, magonjwa, vifo, hesabu ya watu. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka babu. Babu alikwenda Tanga kukata mkonge, akiwa mmoja wa wale walioitwa manamba kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Alituambia walipimwa afya kabla ya kupandishwa lori, na huko shambani alishika kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Mwili wake ulipimwa ili mkonge ukatwe. Mjukuu wangu aliye tumboni anapimwa ili aishi, na tofauti hiyo ni kubwa sana kwangu. Sasa kwa nini mama yake akaombewe kibali kilabuni?

Nyuma yetu asubuhi ile alikuwepo msichana mwingine, peke yake, kajifunga kitenge cha bluu. Naye aliambiwa akalete barua. Aprili yote sikumwona kliniki. Juni nikamkuta sokoni anauza viazi, tumbo limeshakuwa kubwa, nikamuuliza. "Mwenyekiti wetu ni baba mdogo wa huyo mwanaume, Mwalimu. Ningemwambia nini?" Miezi mitatu ilikuwa imepita bila kipimo hata kimoja. Kama ana virusi, hiyo ndiyo miezi ambayo dawa ingekuwa inamlinda mwanawe.

Serikali inajua kumfikia mtu bila kumwaibisha. Usajili wa watoto chini ya miaka mitano uliozinduliwa Mbeya mwaka 2013 ulisogeza vyeti vya kuzaliwa hadi vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo. Naziomba halmashauri zetu ziandike waraka mfupi, ubandikwe mlangoni kwa kila kliniki: mjamzito anapokelewa siku aliyofika, awe na mwenza au asiwe naye. Wanaume waitwe kwa njia nyingine. Waandikiwe wao barua, wafunguliwe kliniki Jumamosi, viongozi wa dini wawahimize.

Binti yangu anatarajia kujifungua Septemba. Nimekwenda mara mbili kuomba nirudishiwe ile barua, nimeambiwa ni kumbukumbu ya ofisi. Nitakwenda tena Jumatatu.

Mwalimu mstaafu,
Njombe