Usimpe mwenye mizani mbuzi ya Bi Mkubwa

Bagamoyo

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma, nikaona simu haitoshi, nikuandikie kwa kituo. Unasema arobaini ya mama yako, Bi Mkubwa, imeshapita, ndugu zako wanataka chumba chake cha uani pale Ngamiani, Tanga, kipangishwe, na Jumamosi anakuja kijana wa vyuma chakavu na mizani yake. Siwalaumu, nyumba inahitaji kodi. Ila nakuomba, kabla hajafika, toa vitu vitatu uvifiche uvunguni mwa kitanda chako, nivifanyie kazi ya sanaa: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kukamulia tui, na zile foronya alizotarizi.

Mbuzi hasa. Ipeleke mlangoni kwenye mwanga uitazame vizuri. Ubao wa kukalia umebonyea upande wa kulia, kwa sababu Bi Mkubwa, Mungu amrehemu, tangu alipoumia nyonga alikuwa akikaa ameegemea huko. Mbele, chini ya meno, mti umekuwa mweusi, unateleza kwa mafuta ya nazi. Fundi hodari ataiga umbo lake, lakini ule uzito wa mtu hawezi kuuchonga. Mwenye mizani atang'oa chuma, ubao autupe jalalani, na hicho chuma chenyewe sidhani kama kinafika nusu kilo.

Watu wakipita uani kwangu huniuliza sanaa iko wapi katika vyombo vibovu. Hapa wamezoea ngoma za TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, vinyago na picha za Tingatinga, na mimi navipenda vyote hivyo. Lakini mfikirie msanii Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja, 1954, aliyekulia Uingereza. Mwaka 2007 alichukua sahani, majagi na mabakuli yaliyokwisha kutumika, vyombo 100, akachora juu yake watumwa na mabwana wa Lancaster, mji wa bandari uliotajirika kwa biashara ya watumwa. Turubai aliiacha, akachora palepale watu walipopakulia chakula. Mwaka 2017 akapata Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mimi naishi katika mji ambao misafara ilishusha pembe na watu, na kila nikiona sahani ya kale kwenye kabati la mtu najiuliza nani aliiosha.

Anayenigusa zaidi ni msanii Louise Bourgeois. Alizaliwa Paris mwaka 1911, wazazi wake wakitengeneza mazulia ya kale ya ukutani yaliyochakaa. Nguo zake hakuzitupa. Alipovuka miaka themanini akazitoa, akawa anazitundika na kuzishona upya, na mwaka 1996 alitundika magauni na shimizi kwenye mifupa ya ng'ombe. Ukitazama kazi ile unauona mwili uliokuwa ndani ya nguo, na unaona haupo.

Ndiyo maana kazi nyingi za takataka hazinisisimui. Chupa zimefungwa waya, zimepakwa rangi kali, basi. Chombo kinataka kuwa kimemjua mtu.

Mbuzi nitaiweka sakafuni, si ukutani wala juu ya meza. Anayetaka kuiona achuchumae, magoti yake yamuume kidogo, akae kama alivyokaa mama jikoni asubuhi zote zile. Kifumbu kitaning'inia juu yake, bado kimejikunja pale alipokikamua. Foronya sijaamua. Zina alama ya mafuta ya nywele katikati ya maua, na sitaki mtu azione kama mapambo tu.

Lakini wewe ndiye mtoto wake. Ukiona si vyema chombo cha mama kutazamwa na watu wasiomjua, sema, kibaki kwako na mimi nitaridhika kabisa. Nisichoweza kuridhika nacho ni jalala.

Ukikubali, usioshe chochote. Machicha yaliyokaukia kwenye kifumbu yaache, na fundi yeyote asikushawishi kupiga vanishi. Funga mbuzi kwa kanga kuukuu, meno yasimchome mtu, umpe kondakta wa basi la asubuhi aishushe Msata. Nitakwenda kuipokea mwenyewe, na nauli ya mzigo nalipa mimi.

Wasalimie ndugu zako wote.

Ni mimi shoga yako.