Barua kwa mwanangu: Pesa ya kwanza ipeleke kwenye maji

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Sisi huku Mafinga tu wazima. Baridi imeshaanza kung'ata lakini kuni zipo, na mama yako anakusalimu sana. Picha za bafu nimezipata, nimezikuza kwenye simu nikazitazama moja moja. Nimekuelewa, mama: nyumba mliyonunua hapo Uyole ni ya siku nyingi, bafu limechakaa, mkononi una laki nne, na muda wako ni Jumamosi tu. Na bibi yako anakuja baada ya mavuno.

Kazi hiyo unaiweza. Ila nakuomba unikubalie jambo moja: pesa ya kwanza ipeleke kwenye maji, marumaru zisubiri. Katika miaka yangu ya ufundi nimeitwa mara nyingi kuvunja marumaru nzuri kabisa zilizobandikwa juu ya bomba linalovuja. Inauma, kwa sababu mwenye nyumba analipa mara mbili na bado ukuta umeloa.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza usinunue kitu. Funga koki zote za ndani, nenda kwenye mita ya maji, andika namba zake, kaa nusu saa bila mtu kugusa maji, kisha urudi kusoma. Namba zikisogea, kuna mahali panavuja. Halafu tia rangi ya chakula kidogo ndani ya tangi la choo, subiri robo saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, raba ya chini ya tangi imekwisha, nayo ni ya kubadilisha mwenyewe. Zile alama nilizoziona chini ya beseni la kunawia naamini zinatoka kwenye kiungio cha bomba. Funga koki ya mita, fungua kiungio, safisha nyuzi, zungushia tepu nyeupe kufuata upande unaokazia, kisha kaza kwa spana bila kutumia nguvu nyingi. Koki za plastiki hupasuka ukizilazimisha.

Siku hiyohiyo mwaga ndoo ya maji sakafuni uangalie yanakokwenda. Sakafu ya bafu inatakiwa kushuka sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji. Yakituama kwenye kona, vunja kona hiyo tu na uipige upya kwa mteremko. Sakafu nzima usiiguse. Choo nacho kiache hapohapo kilipo, hata kama ungependa kikae upande wa dirishani. Kukihamisha ni kuchimba sakafu na kugeuza bomba la maji machafu, na hapo laki nne zitaisha kabla hujaona uzuri wowote.

Sasa kuta. Marumaru zako za kijani usizichukie haraka. Chukua mpini wa bisibisi, gonga moja baada ya nyingine. Inayolia kama debe tupu imeachia, itoe na kuibandika upya. Inayolia nzito bado imeshika. Kwa nilivyoona, kinachofanya bafu lako lionekane la kizee ni grauti, ile saruji laini ya kujazia nafasi kati ya marumaru, ambayo imegeuka nyeusi. Kwangua hiyo grauti kwa kipande cha msumeno wa chuma, ingia milimita mbili au tatu, pole pole usije ukachubua kingo. Piga brashi, futa vumbi lote, lowesha kidogo. Changanya grauti mpya iwe nzito kama ugali laini, isukume kwa raba ukipita mshazari, maana ukifuata mstari utaichota tena. Ikianza kukauka, futa kwa sponji iliyokamuliwa vizuri. Kisha msioge humo hadi kesho yake, na kwa baridi ya Uyole ya Juni na Julai mngoje siku mbili, kwa kuwa saruji hukawia kushika penye baridi. Omba bafu kwa jirani, hakuna aibu.

Ule ukungu mweusi wa darini usiupake rangi juu yake, utatokeza tena. Unatokana na mvuke wa maji ya moto unaogonga ukuta wa baridi na kukosa pa kutokea. Zibua matundu ya hewa yaliyozibwa kwa magazeti, weka wavu wa mbu, na dirisha liwe wazi kila mnapomaliza kuoga. Osha ukungu kwa klorini iliyozimuliwa kwa maji, acha pakauke kabisa, ndipo upake rangi ya mafuta. Kiangazi hiki ndicho wakati wake. Mvua zikianza Novemba ukuta haukauki. Na nisikilize vizuri hapa: klorini usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo. Hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu, na bafu ni chumba kidogo. Watoto wakae mbali.

Hita ya shawa ambayo shemeji yako amekupa, usiifunge mwenyewe wala usimpe kijana wa mtaani. Wati 5,500 kwa volti 230 ni karibu ampea 24, na waya wa soketi ya kawaida haukuwekwa kwa mzigo huo. Inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye meni swichi, breka yake na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji. Kama pesa haitoshi, hita ikae kwenye boksi, mchemshe maji kama mlivyozoea.

Nilichotaka hasa kutoka kwenye laki zako ni cha bibi. Magoti yake unayajua. Nunua chuma cha kushika, kifunge pembeni ya choo kwa skrubu ndefu na fisha zake, vile vibomba vya plastiki vinavyotangulia tunduni ili skrubu ishike, ziingie kwenye tofali lenyewe, zisiishie kwenye plasta. Kisha kining'inie wewe mwenyewe kwa uzito wako wote kabla yeye hajakigusa. Ukibadilisha marumaru za sakafu pale kwenye kona, chagua zenye mkwaruzo, zile zinazong'aa zina utelezi zikiloa. Nunua moja ya ziada kwa kila kumi, kwa sababu katika kukata nyingine zitavunjika.

Mlango umeoza chini. Nipimie upana na urefu wa fremu kwa ndani, juu, katikati na chini, maana fremu za zamani hazinyooki. Huku mbao za msonobari zenye dawa zipo. Nitautengeneza mwenyewe na kuupakia kwenye basi. Nitumie vipimo kabla ya Ijumaa.

Baba yako